Kamera inajuaje hii ni plastiki gani?

Swali ninaloulizwa sana kwenye kazi hii ya kutambua vitu kwa kamera ya haipaspektra ni hili, kamera inajuaje hii ni PET (plastiki ya chupa za maji) na ile ni polietilini (plastiki ya mifuko) wakati kwa macho zote nyeupe tu? Jibu liko kwenye mwanga unaorudi. Kamera ya simu inaupokea kwa mafungu matatu, nyekundu kijani na bluu basi, lakini kamera ya haipaspektra inaukatakata mamia ya vipande vyembamba, nanomita 5 au 10 hivi kila kimoja, kwa hiyo kila pikseli inakuwa na mchoro wake kamili wa mwanga uliorudi kwenye kila kipande, ndo spektra yenyewe.

Sisi tunachotafuta ni mabonde kwenye huo mchoro, yaani pale mwanga ulipomezwa. Kaboni na hidrojeni zilivyoshikana zinameza infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya mawimbi fulani tu, kwa PET bonde liko karibu na nanomita 1,660, kwa polietilini limesogea mpaka 1,730 hivi, na hako kapengo kanatosha kabisa kuzitenganisha. Madini nayo ni hivyohivyo, kaoliniti, ile ya udongo mweupe, ina mabonde mawili yaliyokaribiana pale kwenye 2,200, ukiyaona hayo huna haja ya kubishana na mtu.

Ila watu wanakimbilia akili bandia kabla hawajaweka mwanga sawa, na hapa naomba tuelewane. Piga kwanza picha ya kibao cheupe cha rejea, kisha funika lenzi upige giza. Hilo giza litoe kwenye picha ya kitu na kwenye ya kibao, halafu gawa ya kwanza kwa ya pili, unabaki na uakisi wa kitu chenyewe, yaani sehemu ya mwanga kinayoirudisha. Ukiruka hapo unapima taa yako, hupimi plastiki! Na taa iwe ya halojeni, LED nyeupe za kawaida hazitoi infraredi ya kutosha.

Kulinganisha na maktaba ya spektra za vitu vinavyojulikana mi naanza na pembe kati ya michoro miwili, yaani kipimo cha maumbo yake yanavyotofautiana, maana kivuli kinaushusha mchoro wote ila umbo halibadiliki sana.

Kumbuka pia inaona juujuu tu, chupa ikiwa na lebo ya karatasi itakwambia karatasi, na ikiwa imelowa basi bonde la maji kwenye 1,450 linafunika mengine. Plastiki nyeusi ya masizi ndo ngumu zaidi, inameza karibu mwanga wote mchoro unakuja bapa, hiyo inabidi utafute kamera ya infraredi ya mbali zaidi, ya mikromita 3 hadi 5.