Mkate ulipotea mlango wa nyuma, wakakatwa wote

Saa mbili kasorobo usiku, mlango wa nyuma wa supamaketi moja mjini Kisumu. Wafanyakazi wamepanga foleni, mikoba iko wazi mikononi. Mezani kuna daftari la jalada gumu ambamo asubuhi kila mmoja aliandika jina lake, aina ya simu yake na pesa alizoingia nazo, hadi shilingi ya mwisho. Sasa askari anazihesabu upya. Dada mmoja wa rafu ya mikate aliandika 240, ana 190. Anaeleza: chai na mandazi. Askari anaandika. Angekutwa na 290, ingekuwa kesi.

Meneja alipita kando ya foleni na mkoba wake begani, akaaga, akaenda zake.

Mwenye duka ndiye aliyeniita nimtafutie hasara. Kazi yangu ni kukagua stoku. Nilianza nikiwa karani wa kupokea bidhaa Nakuru, na siku hizi nazunguka maduka ya huko, ya Kisumu na ya miji ya magharibi. Mzee huyu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Kila mwisho wa mwezi hesabu zilikataa. Alikuwa amefunga kamera 16, nyingi zikiwatazama makeshia, kwa kuwa aliamini wanapitisha bidhaa za rafiki zao bila kuziskani. Mwezi ukiisha na hasara, iligawanywa na kukatwa kwenye mishahara ya wote: makeshia, watu wa rafu, hadi mama wa usafi.

Mimi sianzi na watu. Naanza na karatasi: stoku ya mwanzo, ongeza zilizoingia, toa zilizouzwa, toa zilizorudishwa kwa wasambazaji. Kinachopungua nakitazama bidhaa kwa bidhaa. Keshia akiwa anaiba, upungufu hufuata zamu yake, na mara nyingi huangukia vitu vidogo vya bei: wembe, mafuta ya ngozi, betri. Hapa upungufu ulikuwa umelala kwenye mkate, kila siku, zamu zote. Vitu vya namna hiyo hupotea kabla havijafika kwenye rafu.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa mlango wa kupokelea mizigo. Dereva wa mikate alifika akiwa na haraka, injini ikinguruma. Karani akahesabu kreti, akalinganisha na karatasi ya dereva, akapiga sahihi. Hakuhesabu mikate. Niliomba kreti zishushwe zote. Za juu zilijaa. Moja ya chini kabisa ilipungua mikate mitatu, nyingine miwili. Kisha dereva akapakia mikate iliyopitwa na tarehe, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba duka linadai thamani yake. Kamera ya mlango ule ilikuwepo. Kreti tupu za soda zilikuwa zimepangwa mbele yake hadi juu.

Yule dada wa rafu ya mikate alinifuata stoo mchana. "Madam," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nilijua kreti haziji zimejaa. Huwa nazipanga mimi." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia mwenzake aliwahi kuripoti maziwa ya mgando yaliyopungua, akaulizwa amejuaje, na jioni mkoba wake ukapekuliwa mara mbili. "Hapa ukiona kitu, wewe ndiye umekifanya."

Hayo ndiyo ninayotaka wenye maduka wayasikie. Aliye karibu zaidi na bidhaa ni anayezipanga kwa mikono yake. Anajua kreti nyepesi kabla hajaifungua. Duka hili lilikuwa limelipia kamera 16, na papo hapo likamfunga mdomo mtu mmoja aliyekuwa na jibu.

Tamaa ya kumtazama keshia ni ya zamani sana. Mashine ya kwanza ya keshia ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Marekani, aliyeamini wahudumu wake wanamwibia. Mashine imetusaidia sana tangu hapo, sikatai. Lakini Uingereza ilionyesha kwa uchungu yanayotokea mashine inapoaminiwa kuliko mtu. Kuanzia 1999, programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, iliingizwa katika matawi ya Posta, ikawa inaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Waliosimamia matawi hayo wakalipa kutoka mifukoni mwao. Zaidi ya 900 walihukumiwa, wengine wakafungwa, na wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Kila nikimwona keshia wetu akiitwa ofisini peke yake kuelezwa shoti yake, yaani pesa zilizopungua kwenye droo, nawakumbuka watu wale.

Sheria yetu iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kumkata mfanyakazi kwa mali iliyopotea ikiwa ni yeye aliyekosea kwa makusudi. Kwa upungufu wa pesa, lazima uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake, na mkataba wake uwe unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa pesa. Hakuna mahali panaporuhusu hasara ya mkate kugawiwa mama wa usafi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe ni taarifa gani zake zinachukuliwa na kwa sababu gani, na hiyo ni pamoja na picha za kamera. Alama za vidole, ambazo maduka mengi huzitumia kuweka mahudhurio, zimo katika data nyeti.

Sikumwambia mzee ang'oe kamera. Nilimwambia ile ya mlango wa nyuma ifunguliwe macho, na karani ahesabu mikate kabla ya kuonyeshwa karatasi ya dereva, aandike idadi yake mwenyewe, ndipo zilinganishwe. Njia hii peke yake imewaokolea wateja wangu hasara nyingi kuliko upekuzi wa mikoba. Droo ya keshia ihesabiwe akiwepo, wapige sahihi wote wawili. Na kama lazima mikoba ifunguliwe, wa meneja uwe wa kwanza.

Mengi ameyakubali. Kreti za soda zimeondolewa, na yule dada sasa husimama na karani alfajiri mikate ikishushwa. Pesa walizokatwa wafanyakazi Januari na Februari hazijarudishwa bado. Nimeziandika katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, jina kwa jina, na Jumatatu narudi Kisumu kumuuliza.