Mwenyekiti wa mtaa hana fungu: kodi za jiji, diwani na fedha za kampeni

Mikutano mingi ya mitaa Dar es Salaam huchangamka ikifika kwenye "mengineyo". Taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbio mbio, watu wameinamia simu. Kisha mtu anasimama nyuma na kuuliza kwa nini barabara ya mtaa haipitiki tangu masika yaliyopita, ilhali kila mwezi anakatwa kodi kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwingine anadakia habari ya taka. Wa tatu anataka aambiwe fedha za jiji zinaishia wapi. Mwenyekiti anajibu kwamba suala limeshafikishwa ngazi za juu, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Kwa sisi ambao kazi yetu ni kuelimisha umma kuhusu fedha za serikali za mitaa, mjadala huo ni mzuri na hasira yenyewe ina msingi. Tatizo ni kwamba anayesomewa mashtaka hana fungu, yaani hana bajeti ya kuamua.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya 1982, inaipa halmashauri ya jiji, manispaa au mji uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo na kutoza. Mtaa haukupewa uwezo huo. Vijijini mambo ni tofauti: halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria chini ya sheria Na. 7 ya mwaka huohuo. Mwenyekiti wa kijiji cha Kisarawe anaongoza chombo kinachomiliki mali kwa jina lake, wakati mwenzake wa Temeke, mwenye wakazi wengi kuliko yeye, ana mhuri, meza na daftari la wakazi. Fedha pekee ambazo mtaa unazishika kwa hakika ni michango mliyokubaliana wenyewe, kama ile ya ulinzi shirikishi. Hiyo mdaini mwenyekiti hadi shilingi ya mwisho, na risiti juu.

Mengine yana wenyewe. Barabara za mitaani, tangu Julai 2017, ziko kwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ambayo fedha zake hutoka Mfuko wa Barabara na bajeti ya serikali. Maji ni DAWASA. Hata ada ya maegesho katikati ya jiji imewahi kukusanywa na TARURA, si halmashauri. Mkazi anaona "serikali" moja, na hana kosa kuiona hivyo, lakini akiuliza mlango usio wake atarudishwa na jibu lilelile kila mkutano.

Sasa hiyo kodi ya LUKU. Kodi ya majengo ilizaliwa kuwa mali ya mji. Unajenga mjini, unapata taa ya barabarani, mfereji na gari la taka, unachangia gharama. Kwa miaka mingi imekuwa ikihamishwa mikono kati ya halmashauri na Mamlaka ya Mapato (TRA), na Julai 2016 ikapelekwa TRA kwa mara nyingine. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mjini. Julai 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Ukizidisha kwa miezi kumi na miwili unapata 18,000 kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa kila ghorofa, yaani jengo la ghorofa tatu ni 270,000 kwa mwaka.

Kama njia ya kukusanya, LUKU haina mpinzani. Hakuna mgambo, hakuna foleni, hakuna wakala wa kukwambia urudi kesho. Waliokuwepo kabla ya kodi ya maendeleo kufutwa mwaka 2003 wanakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakikimbia na kujificha siku ya msako. Hakuna anayetaka kurudi huko.

Lakini urahisi wake una gharama mbili, na zote hazisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni haki. Kiwango kimoja hakitazami thamani. Nyumba ya vyumba sita Mbagala, kila chumba familia, na jumba la chini la Masaki lenye bwawa la kuogelea zinalipa 18,000 zote, maadamu hakuna ghorofa. Juu ya hapo, sheria inamtambua mwenye jengo kuwa ndiye mlipaji, ila anayekatwa ni anayenunua umeme. Mpangaji akinunua umeme wa 5,000 mwezi ukianza, 1,500 inaondoka kabla uniti hazijahesabiwa. Ni haki yake kumdai mwenye nyumba au kuipunguza kwenye kodi ya pango. Wangapi wanathubutu ni jambo jingine. Ikiwa nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, hilo ni kosa la kumbukumbu. Mwenye nyumba apeleke namba za mita zote, ibaki moja tu inayokatwa.

Gharama ya pili ni ya kisiasa, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Fedha ikikatwa kwenye umeme na kwenda moja kwa moja hazina, kisha ikarudi ikiwa imechanganyika na ruzuku nyingine, diwani anapata jibu jepesi: sisi hatukusanyi hiyo. Mlipakodi naye anakosa wa kumshika shati.

Hata hivyo halmashauri si maskini kama inavyopenda kusema. Ina ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni na wafanyabiashara, na kwa jiji lenye benki, bandari na viwanda hicho si kiasi cha dharau. Ina leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ada za masoko, minada na machinjio. Asilimia kumi ya mapato hayo ya ndani sheria inataka ikopeshwe bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Na karibu kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu serikali za mitaa inakuja na hoja ileile: fedha zilizokusanywa kwa mashine za risiti za POS lakini hazikufika benki. Kwa hiyo ukilipia kibanda au ushuru wa sokoni, dai risiti ya mashine au lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haihesabiki popote.

Nani anaamua fedha hizo zijenge zahanati Kitunda au zikarabati ofisi za makao makuu? Ni Baraza la Madiwani. Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, ndiye anayetunza vitabu na kuidhinisha malipo, lakini bajeti haiendi TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) na Bungeni kabla madiwani hawajainua mikono. Kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hoja za kata zinatakiwa ziwe zimefika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia. Mwezi Mei mnapopigia kelele mfereji, bajeti imeshapita. Vikao vya baraza zima viko wazi kwa wananchi, lakini viti vya wasikilizaji hukaa vitupu.

Diwani, basi, ndiye mwenye mkono kwenye fungu. Na huyo ndiye tunayemuuza kwa bei ya chini.

Kila anayeishi mjini anajua kura za maoni, zile za kuteua wagombea ndani ya chama, zinavyokwenda. Kabla kampeni rasmi hazijaanza, mtia nia ana wapambe wanaozunguka usiku nyumba kwa nyumba. Kuna "ya soda", kuna "ya nauli", kuna khanga kwa akina mama na jezi kwa timu ya vijana. Wajumbe wanaopiga kura ndani ya chama ni wachache na wanajulikana kwa majina, ndiyo maana bahasha huanzia hapo. Ukiuliza, unaambiwa ni ukarimu tu. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inakwenda kinyume na Katiba: inambagua mgombea asiye nacho na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6, inayosimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Inaweka ukomo wa matumizi, inamtaka mgombea aeleze fedha zake na wanaomchangia, na inagusa hata uteuzi ndani ya vyama, sio kampeni peke yake. Kutoa na kupokea bahasha vyote ni makosa, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina mamlaka juu ya vyote viwili.

Sheria ipo. Linalokosekana ni hesabu ndogo ambayo mpiga kura anaweza kuifanya akiwa amekaa kibarazani. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000. Kwa miaka mitano hiyo ni milioni 21 kabla ya posho za vikao. Mtu akitumia milioni 30 au 40 kutafuta kiti cha namna hiyo, tofauti atairudishia wapi? Kuna wanaotoa kwa mapenzi yao, sikatai. Wapo wafanyabiashara wenye uwezo na moyo. Lakini wengine hurudishia mahali panapojulikana: ugawaji wa vibanda soko jipya likikamilika, viwanja vya wazi vinavyobadilishwa matumizi, wakala wa kukusanya ushuru, mkandarasi wa taka asiyeonekana mtaani ila mkataba wake unahuishwa. Aliyemchangia mgombea hana haja ya hotuba. Anasubiri kikao cha kamati ya fedha.

Ndiyo maana mkutano wa mtaa unaotaka majibu hauna budi kumwalika diwani kwa barua na kumuuliza mambo yenye tarehe na tarakimu: kata yetu ilitengewa kiasi gani cha mapato ya ndani mwaka huu wa fedha, kiasi gani kimetolewa hadi robo ya pili, mkandarasi wa taka ni nani na mkataba wake unaisha lini. Asipokuja, au akija na hadithi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inamruhusu raia kuomba taarifa hizo kwa mkurugenzi mwenyewe, na mkurugenzi ana siku zisizozidi 30 kujibu. Andikeni barua fupi, ombi moja moja, ipelekwe masjala ya halmashauri na si kuachwa kwa mlinzi getini. Baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi na tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia ombi lilipopokelewa.