Uhuru wa kusema Kenya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uhuru wa habari ni wa wanahabari.

Ukweli: Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo. Mama mboga anayeuliza pesa za barabara ya wadi yake zilikwenda wapi analindwa sawa na mhariri wa gazeti. Tena Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, haki ambayo wengi wetu hatuitumii.

Dhana: Kumharibia mkubwa jina ni jela.

Ukweli: Hofu hii imewafunga watu midomo kwa miaka mingi, na haikuzuka bure. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwani aliyechafuliwa jina anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai. Mwaka uliotangulia, Jaji Mumbi Ngugi alikuwa amefuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki watu kwa walichoandika mtandaoni. Maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Hata hivyo, usimzulie mtu. Fidia inaweza kukufilisi. Nayo sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ilirudisha adhabu ya jela kwa habari za uongo, jambo ambalo kwangu ni kurudi nyuma.

Dhana: Serikali ikiona hatari inaweza kuzima televisheni.

Ukweli: Ilifanya hivyo tarehe 30 Januari 2018, siku ambayo kiongozi wa upinzani Raila Odinga alikula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, Nairobi. NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Kifungu cha 34 kinaikataza Serikali kuingilia utangazaji, na Mahakama Kuu iliamuru zirejeshwe. Ilichukua siku kadhaa kabla ya amri hiyo kutiiwa, na hilo linanikera hadi leo.

Dhana: Basi kila mtu aseme atakalo.

Ukweli: La. Uchochezi wa vita au ghasia na matamshi ya chuki havilindwi. Lakini anayetaka kuwekea haki hii mipaka zaidi lazima awe na sheria, na Kifungu cha 24 kinamtaka yeye, si wewe, aithibitishie mahakama kwamba mipaka hiyo inafaa.