Mahindi ya unga au mahindi ya esansi? Hesabu ya bayofueli kwa mkulima wa Lubumbashi

Mwezi uliopita mkulima mmoja wa barabara ya Kasenga alinifuata hadi nyumbani akiwa na bahasha ya karatasi za mradi. Chama chao kilikuwa kimetembelewa na watu waliokishawishi kifyeke msitu na kupanda mahindi, ili yatengenezwe ethanoli, pombe kali ya kuendeshea magari badala ya esansi (petroli); mafuta kama hayo ya mimea huitwa bayofueli. Swali lake lilikuwa moja tu: "Papa agronomi, mahindi yetu tuyauze kama unga ao kama esansi?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake linastahili hesabu kamili, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, naiweka hapa.

Tani moja ya mahindi ikisagwa, ikachachushwa, kisha ikakenekwa, hutoa takriban lita 400 za ethanoli. Tangi la lita 50 basi humeza kilo 125 za mahindi, yaani uzito wa mifuko mitano ya kilo 25 kama ile inayopangwa mbele ya maduka ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Familia ya watu sita inayosonga bukari (ugali) kwa kilo mbili na nusu kila siku ingekula uzito huo kwa siku 50. Tena lita ya ethanoli ina kama theluthi mbili tu ya nguvu iliyomo katika lita ya petroli, hivyo tangi hilo halikufikishi mbali kuliko lita 33 za esansi. Katika mashamba yetu ya jembe la mkono, pasipo mbolea, hekta moja mara nyingi haifikishi tani moja, na kwa hiyo jasho la msimu mzima wa mvua halijazi hata matangi manane.

Wanaotuletea mfano wa Brazili husahau kwamba kule ni miwa. Nchi hiyo ilianza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, hekta moja ya miwa hutoa zaidi ya lita 6,000, na viwanda huchoma makapi ya miwa yenyewe kupata joto la kukenekea. Marekani hutumia mahindi, tena zaidi ya theluthi moja ya mavuno yake, lakini kwa mbolea nyingi, matrekta na gesi ya viwandani. Faida ya nishati inayobaki baada ya kutoa gharama hizo zote ni ndogo. Haki inanitaka niseme pia kwamba karibu theluthi ya uzito wa mahindi hayo hurudi kama chakula cha mifugo.

Karatasi za mradi zilidai kwamba mafuta haya hayachafui hewa, kwa sababu moshi wake ni hewa ileile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa ukikua. Dai hilo ni kweli kwa mmea, si kweli kwa ardhi. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mwanasayansi Fargione na wenzake waliokadiria muda ambao bayofueli huhitaji kulipa deni la kaboni iliyotoka ardhini na mitini wakati wa kufyeka. Kwa michikichi iliyopandwa palipokuwa na msitu wa mvua wa nyanda za chini, deni hulipwa kwa miaka 86. Kwenye ardhi ya mboji yenye majimaji, zaidi ya miaka 400. Kwa mahindi ya Marekani yaliyochukua nafasi ya nyasi za asili, miaka 93. Sehemu ambayo wakulima wale walitakiwa kufyeka ni msitu wa miombo wenye miti mikubwa ya mitondo na mibanga, ambamo akina mama huokota uyoga na vijana huvuna asali. Na hata wangetumia shamba la zamani, mahindi yaliyoondoka sokoni yangetafutiwa shamba jingine, na huko nako shoka lingeingia msituni.

Upande wa uchumi una hoja ambazo sizipuuzi. Sisi tuko mbali na bahari, na kila lori linalovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa hutuongezea gharama ya njia katika bei ya lita. Mafuta yanayotengenezwa hapa yangebakiza fedha hapa, na mkulima mwenye wanunuzi wawili hupata bei nzuri kuliko mwenye mmoja. Malawi, ambayo nayo haina bahari, imekuwa ikichanganya ethanoli katika petroli tangu mwaka 1982, ikiikeneka kutokana na molasi, ule urojo mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari. Hakuna aliyekosa chakula kwa ajili ya molasi. Lakini mahindi yetu hayatutoshi. Tunategemea ya Zambia, na nchi hiyo ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi wa Februari 2024, sote tuliona unga ulivyopanda bei.

Jatrofa, mmea mwingine wa bayofueli ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta na ambao Watanzania huuita mbono, naijua kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja ulitugawia miche kwa ahadi kwamba inastahimili ukame na ardhi duni. Inastahimili kweli, kwa maana kwamba haifi; kuzaa ni jambo jingine. Nakumbuka jioni tuliyokamua mavuno ya kwanza kwa mashine ya mkono: tulimimina karibu kilo tano za mbegu, tukapata chupa moja ya lita, mafuta ya manjano yenye harufu nzito, na mashudu ambayo hatukuweza kuwapa mbuzi kwa sababu yana sumu. Mnunuzi aliyeahidiwa hakuja. Waliong'oa mihogo ili kupanda jatrofa walikula njaa mwaka uliofuata, na mimi ndiye niliyewaonyesha namna ya kupanga mistari.

Kama ethanoli itapatikana huku kwetu, ningependa iende jikoni kabla ya kwenda garini. Umeme ukikatika, mtaa mzima huwasha mbabula (jiko la makaa), na kilo moja ya makala, yaani makaa, iliyochomwa katika tanuri la udongo humaliza kilo tano hadi kumi za kuni. Ethanoli jikoni huwaka bila masizi, na hupunguza shoka kwenye miombo, faida ambayo gari haliwezi kutupa. Ugumu upo: sukari ya nchi yetu hutengenezwa mbali nasi mno, na molasi yake iko huko huko, na mihogo, ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya molasi, ni chakula pia. Kinachobaki ni mihogo iliyovunjika na kuharibika kabla ya kufika sokoni, na hiyo ningeanza nayo kwa mtambo mdogo, bei yake ikipimwa dhidi ya gunia la makala.

Mkulima yule nilimwambia auze mahindi kama mahindi, na wale watu wakirudi, chama kidai mkataba unaotaja jina la mnunuzi, bei ya kilo na nani atalipa mbolea. Wanachama wameniomba niende Jumamosi kuweka alama za mpaka kwenye mitondo iliyo nyuma ya kijito, ili hata mkataba ukitiwa sahihi, sehemu hiyo isiguswe.