Sfenji za Hanuka: usiuogope unga unaonata

Sfenji ikitoka ngumu na nzito, mara nyingi kosa ni moja: mpishi aliona unga unanata mikononi, akauongezea unga mkavu.

Sfenji ni maandazi ya duara yenye tundu katikati. Wayahudi wa Morocco huyakaanga wakati wa Hanuka, sikukuu ya siku nane ambayo Biblia ya Kiswahili huiita Kutabaruku. Siku hizo huliwa vitu vya kukaangwa, kwa kukumbuka mafuta ya kuwashia taa ya Hekalu la Yerusalemu ambayo, kwa mapokeo, yalikuwa ya siku moja yakawaka nane. Waislamu wa Morocco nao huzila sfenji, mwaka mzima.

Hazina yai, siagi wala maziwa. Sheria ya kosher, yaani ya vyakula vya Wayahudi, hairuhusu nyama na maziwa kuliwa pamoja, kwa hiyo sfenji zinaweza kuandaliwa hata baada ya mlo wa nyama. Lakini unga usio na mafuta hauna cha kuulainisha isipokuwa maji. Maji hayo ndiyo yanayogeuka mvuke karaini na kuacha matundu makubwa ndani. Ukiyapunguza, umeiharibu sfenji kabla hujawasha jiko.

Kwa sfenji kama 12, chukua unga mweupe wa ngano gramu 500, maji vuguvugu mililita 400, hamira ya chenga gramu 7, sukari kijiko kimoja cha chakula na chumvi gramu 8. Ukishachanganywa, unga uwe na uzito wa kati ya ule wa kalimati na wa mahamri: haumwagiki, lakini pia hausukumiki kwa kifimbo cha chapati.

Changanya kwenye bakuli pana, kisha upige kwa mkono dakika 8 hadi 10: uvute juu, uukunje, uubamize. Mwanzoni utachanika na kung'ang'ania vidole. Vumilia. Ukiona unavutika kama utepe bila kukatika na unaanza kuachana na bakuli, umekuwa tayari. Ukikataa, uache upumzike dakika 15, halafu urudie. Mapumziko hayo husaidia kuliko unga wa ziada.

Funika mpaka uumuke na kuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Kwenye joto la Mombasa saa moja yaweza kutosha. Penye baridi ngoja hata mbili. Ukinuka uchachu mkali na kuanza kubonyea katikati, umepitiliza, na sfenji zake zitalala bapa na kunywa mafuta.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 6 hivi na joto la nyuzi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande kidogo cha unga: kizame kidogo, kisha kiibuke mara moja kikiwa kimezungukwa na povu. Kikikaa chini, mafuta bado. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto, la sivyo nje kutaungua na ndani kubaki kubichi.

Paka mikono mafuta. Wengi hulowanisha kwa maji, ila tone la maji likiingia karaini hurusha mafuta ya moto, kwa hiyo mimi nashauri mafuta. Nyofoa donge la ukubwa wa limau, toboa kwa kidole gumba, kisha vuta mpaka tundu lifike sentimita 5 au zaidi. Litaonekana kubwa mno, lakini unga hujirudi na kuvimba. Tundu dogo huziba, na hapo ndipo katikati pasipoiva. Liingize donge mafutani polepole kwa kulielekeza mbali nawe.

Kaanga tatu tatu, dakika 2 kila upande. Ukijaza karai, mafuta hupoa na sfenji huyafyonza. Zichuje kwenye waya, si kwenye karatasi, maana chini hulowa kwa mvuke.

Zichovye kwenye sukari zingali za moto, au zimiminie asali mezani. Zile ndani ya saa moja. Zikipoa huwa kama ngozi. Kama wageni watachelewa, chelewesha kukaanga: weka unga kwenye friji baada ya kuumuka, na uutoe nusu saa kabla ya kuwasha moto.