Kichocheo Huharakisha Mmenyuko, Hakiongezi Mazao

Mwanakemia mmoja kijana niliyekuwa namsimamia maabara aliniletea daftari lake akilalamika kwamba esta yake, yaani kiwanja kinachoundwa asidi inapoungana na alkoholi na kuachia maji, inakwama. Alikuwa amechanganya asidi asetiki na ethanoli kwa moli zilizo sawa, yaani kwa idadi sawa ya molekuli, akadondoshea asidi salfuriki kidogo kama kichocheo, akaupasha moto mchanganyiko kwa saa kadhaa, na kila alipopima alikuta theluthi mbili tu ya asidi asetiki ndiyo iliyogeuka kuwa etili asetati. Pendekezo lake lilikuwa kuongeza matone ya kichocheo. Nilimwambia aongeze, kisha apime tena. Alipata theluthi mbili ileile, ila aliipata mapema zaidi.

Hakuwa amekosea popote katika vipimo vyake. Mnamo 1862 Wafaransa wawili, Marcellin Berthelot na Léon Péan de Saint-Gilles, walichunguza mimenyuko ya aina hiyo wakaona kwamba inasimama kabla malighafi haijaisha, na kwamba hata ukianza upande wa pili, yaani kwa esta na maji, unaishia palepale. Miaka miwili baadaye Cato Guldberg na Peter Waage, wote wa Norwe, walianza kulieleza jambo hilo kwa hesabu. Kwa esta hii hesabu yenyewe ni fupi: ukizidisha kiasi cha esta kwa kiasi cha maji, kisha ukagawanya kwa kiasi cha asidi kilichozidishwa kwa kiasi cha alkoholi, jibu hukaribia 4 kila mchanganyiko unapotulia. Hali hiyo ya kutulia huitwa msawazo, na namba hiyo ndiyo namba thabiti ya msawazo, na ndani yake hakuna nafasi ya kichocheo.

Kosa la kijana wangu, ambalo nalikuta hata kwa watu wenye shahada, ni kuyachukulia maswali mawili kuwa moja. Swali la kwanza ni mmenyuko unakwenda kwa kasi gani, na la pili ni unafika wapi. La kwanza linategemea njia inayopitwa, ilhali la pili linategemea tu tofauti ya nishati iliyopo kati ya mwanzo na mwisho.

Tuanze na kasi. Molekuli haziungani kwa sababu tu zimekutana, kwani migongano mingi huisha kwa kila moja kwenda zake. Ili vifungo vya zamani vilegee na vipya viundwe, mgongano lazima uwe na nishati inayotosha kuvuka kizuizi fulani, ambacho huitwa nishati ya uamilishaji. Svante Arrhenius wa Uswidi alionyesha mnamo 1889 kwamba kasi hutegemea kizuizi hicho kwa namna ya kipeo, na ndiyo sababu badiliko dogo la joto huzaa badiliko kubwa la kasi. Kizuizi kikiwa kilojuli 50 kwa moli, kupandisha joto kutoka nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi kunaifanya kasi ikaribie kuwa maradufu. Kikiwa kilojuli 100, nyuzi hizohizo 10 zinaizidisha kasi karibu mara nne. Kwa hiyo ile kanuni inayokaririwa na wengi, kwamba kila nyuzi 10 huleta kasi maradufu, naiona kama makadirio ya mezani: hufaa pale kizuizi kinapokuwa karibu na kilojuli 50, na kwingineko hupotosha.

Kichocheo hakipandishi joto wala hakizipi molekuli nguvu mpya. Hufungua njia nyingine yenye kizuizi kifupi zaidi, kikishiriki katika hatua za katikati na kurejea katika hali yake mwishoni. Haidrojeni peroksaidi ikiachwa peke yake ndani ya maji huvunjika polepole sana, kwa kuwa kizuizi chake ni takriban kilojuli 75 kwa moli. Ukiiwekea ioni za iodaidi, kizuizi hushuka hadi takriban kilojuli 56. Pengo hilo la kilojuli 19 linaonekana dogo, lakini kwa nyuzi 25, ikiwa mambo mengine hayabadiliki, linazidisha kasi takriban mara 2,000.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba njia ile mpya hupitika kutoka pande zote mbili. Ukipunguza kilojuli 19 kwa wanaokwenda, umewapunguzia kilojuli 19 hizohizo wanaorudi. Na msawazo si kusimama kwa shughuli, bali ni hali ambayo esta inaundwa na kuvunjwa kwa kasi zinazolingana. Kasi zote mbili zikizidishwa kwa kiasi kimoja, uwiano wake hausogei.

Kwa asiyeridhika na hoja hiyo ya kasi ipo nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi kwa sababu haihitaji kujua lolote kuhusu molekuli. Chukua silinda yenye pistoni, ndani yake kukiwa na gesi zilizo katika msawazo, ambapo upande mmoja wa mmenyuko una molekuli chache kuliko mwingine. Tuseme kichocheo kinaweza kuusogeza msawazo kuelekea upande wenye molekuli chache. Ukikiingiza, gesi inapungua na pistoni inashuka. Ukikitoa, gesi inarudi kama ilivyokuwa na pistoni inapanda. Ungekuwa na mashine inayofanya kazi milele kwa kuingiza na kutoa kipande cha madini, bila kutumia nishati yoyote. Mashine kama hiyo haiwezekani, kwa hiyo na kichocheo cha namna hiyo hakiwezekani.

Basi esta iliyokwama inasaidiwaje? Joto halina msaada mkubwa hapa, kwa kuwa mmenyuko huu hautoi wala haufyonzi joto la maana. Kinachofaa ni kugusa viambato vyenyewe. Ukiweka moli tatu za ethanoli kwa kila moli moja ya asidi asetiki, hesabu ya namba 4 inapandisha asidi inayogeuka kutoka asilimia 67 hadi takriban 90. Ukiondoa maji kadiri yanavyozalishwa, unaweza kusogea hata zaidi. Ni kweli kwamba ukimimina asidi salfuriki kwa wingi, badala ya matone, esta itaongezeka, na mara nyingi matokeo hayo hutolewa kama ushahidi wa kunipinga. Lakini hapo asidi salfuriki inafyonza maji, na kwa kazi hiyo imeacha kuwa kichocheo, imekuwa sehemu ya mchanganyiko.

Ugomvi wa maswali haya mawili huonekana wazi zaidi katika utengenezaji wa amonia kutoka nitrojeni na haidrojeni, mmenyuko unaotoa takriban kilojuli 92 kwa kila moli mbili za amonia. Kwa nyuzi 25, mgandamizo ukipimwa kwa baa, namba ya msawazo ni takriban 600,000, maana yake amonia ingeshinda kabisa. Ila atomu za nitrojeni zimefungana kwa kifungo cha mara tatu cha takriban kilojuli 945 kwa moli, na katika joto hilo hakuna kinachotokea. Ukipandisha joto hadi nyuzi 400 ili upate kasi, namba inaporomoka hadi takriban 0.00016. Fritz Haber alionyesha mnamo 1909, akitumia metali ya osmiamu kama kichocheo na mgandamizo mkubwa, kwamba njia ya katikati ipo. Kisha Alwin Mittasch na wenzake wakajaribu maelfu ya michanganyiko hadi wakapata chuma kilichotiwa viongezi kidogo, na kiwanda kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mnamo 1913. Chuma hicho hakikuongeza amonia hata kidogo kwa joto lililopo. Faida yake ilikuwa kuruhusu joto lishushwe hadi mahali ambapo msawazo unavumilika. Hata hivyo gesi ikipita mara moja hugeuka takriban asilimia 15 tu, ndiyo maana hupoozwa, amonia ikatolewa ikiwa kimiminika, na iliyobaki ikarudishwa tena na tena.

Ipo hali moja inayowachanganya hata wazoefu. Kaboni monoksaidi na haidrojeni zikipitishwa juu ya nikeli hutoa methani, na zikipitishwa juu ya shaba yenye zinki oksaidi hutoa methanoli. Mtu husema: tazama, kichocheo kimebadilisha mwisho wa safari. Sivyo. Methani ndiyo iliyo tulivu zaidi kinishati katika michanganyiko yote miwili. Shaba haifungui njia ya kuifikia, basi mmenyuko hutulia kwenye msawazo ulio karibu, ule wa methanoli. Mchanganyiko huohuo ukichafuliwa na nikeli kidogo, methanoli huanza kupungua na methani kujitokeza.