Asilimia 98 Yao na Asilimia 98 Yetu

Jumamosi ya Novemba 1, 2025, nilikuwa kwa kinyozi Kariobangi, hapa Nairobi, kitambaa shingoni, runinga ikitangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda uchaguzi wa Tanzania kwa karibu asilimia 98. Mzee mmoja kwenye benchi akapiga paja: "Huo ni wizi wa mchana!" Sote tukaitikia. Kinyozi akazima mashine, akauliza taratibu, "Mzee, na sisi Oktoba 2017 ilikuwa ngapi?"

Ilikuwa asilimia 98, ushindi wa Uhuru Kenyatta katika uchaguzi wa marudio hapa Kenya. Hakuna aliyejibu.

Dhana: Nyani haoni kundule, basi na anyamaze.

Hii ndiyo inayotuponza zaidi. Kosa la msemaji halifuti kosa la anayesemwa. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walisema katika maeneo mengi wapiga kura wa Tanzania hawakuweza kudhihirisha matakwa yao kidemokrasia, na baadhi ya nchi za SADC chaguzi zao wenyewe zinatiliwa shaka. Walichokiona Tanzania bado ni kweli.

Anayetaka kulinganisha na alinganishe kwa haki. Sisi, Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa Agosti, Raila Odinga akajitoa katika ule wa marudio akidai tume haijarekebishwa, na waliojitokeza hawakufika hata nusu ya waliosajiliwa. Tanzania, kiongozi wa upinzani Tundu Lissu alikuwa gerezani tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na chama chake kilikuwa kimezuiwa kushiriki. Huku kwetu Katiba inamruhusu mtu yeyote kupinga ushindi wa rais mahakamani ndani ya siku saba. Kule, ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza.

Kwa hiyo 98 peke yake haithibitishi kitu. Uliza nani aliruhusiwa kugombea, nani alihesabu, na aliyeonewa anapeleka wapi malalamiko yake. Hata hivyo tusijipige kifua: mwaka 2017 watu waliuawa Kisumu na hapa Mathare, na kuna mama ambao hadi leo hawajapata haki.

Dhana: Waangalizi wa kigeni wakisema ni safi, ni safi.

Agosti 2017 wageni mashuhuri, akiwemo John Kerry, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, walitusifu na kuwahimiza walioshindwa waende mahakamani badala ya barabarani. Walikwenda. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi ule. Matokeo hayakupeperushwa kama sheria inavyotaka, na tume ilikataa kufungua seva zake kikamilifu hata baada ya mahakama kuamuru.

Mwangalizi huona foleni tulivu asubuhi. Kinachoamua ni Fomu 34A, karatasi ile ya matokeo ya kituo inayojazwa usiku, kwa taa ya simu stima ikipotea, karani akiwa amechoka na maajenti wa vyama wakitia saini mmoja mmoja. Nakala moja hubandikwa mlangoni mwa kituo. Ukitaka kujua kura zako zilikwenda wapi, anza hapo mlangoni.

Dhana: Wanaotukosoa, kwao hakuna doa.

Marekani mwaka 2000, tofauti ya kura 537 za Florida iliamua urais, na majaji watano dhidi ya wanne wakasimamisha kuhesabu upya. Januari 6, 2021, bunge lao lilivamiwa. Uingereza mwaka 2024, chama cha Labour kilipata takriban theluthi moja ya kura na karibu theluthi mbili za viti.

Dhana: Hayo ni mambo yao ya ndani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 6, unataja demokrasia na utawala wa sheria kati ya misingi tuliyokubaliana. Jirani tumeshaahidiana naye.

Na wako wanaoshangilia wakubwa wakinyamaza. Julai 2025, wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliwaagiza mabalozi wake wasizungumzie haki ya chaguzi za nchi nyingine, ila pale maslahi yao yanapoguswa. Sioni cha kushangilia. Aliyeibiwa kura hakupata chochote kutokana na ukimya huo.

Nilimkuta yule mzee tena wiki iliyofuata, safari hii akinyolewa. Alinitazama kwenye kioo, akasema, "Kijana wangu, ile 2017 sikuiona kwa sababu aliyeshinda alikuwa mtu wangu."